Kiraka cha Ukurasa wa Tisa

Sebuleni kwetu Gitambi kuna misumari miwili ukutani. Wa kwanza umebeba picha ya mke wangu siku ya komunyo yake ya kwanza, pale misheni ya Mibirizi: gauni jeupe, soksi nyeupe, mshumaa mkononi, na uso wa mtoto anayejua kwamba misa ikiisha kuna mandazi. Wa pili niliupigilia mwenyewe siku tulipohamia. Huo ulibeba kalenda. Kila mwaka kalenda mpya, msumari ule ule. Huo ndio uliokuwa upande wangu.

Mimi sina picha ya utoto hata moja. Nilikulia Bukavu, ng'ambo ya daraja la mpakani, na tuliporudi huku wazazi walibeba sufuria, magodoro na cherehani ya mama. Picha, ambazo hazipikiwi wala hazilaliwi, zilibaki. Cherehani ndiyo ninayoshonea mpaka leo hapo barazani, na ndiyo sababu ninayowapa watu wakiniuliza mbona sitoki. Sababu nyingine ni uvivu, lakini cherehani inasikika vizuri zaidi. Kuku wangu wanaijua Gitambi kuliko mimi.

Ila nilikuwa na kitabu cha katuni. Sisi wa ng'ambo tunaviita bede. Hicho changu kilichorwa na kijana mmoja wa avenyu yetu, ambaye kila jioni alikaa karibu na bomba la maji na ubao wake magotini, akichora wamama na ndoo zao, walevi, mbuzi, na sisi watoto. Baadaye kitabu kikachapwa, nyeusi na nyeupe, kwenye karatasi ambayo hata muuza karanga angeifikiria mara mbili. Nilikificha ndani ya shati wakati wa kurudi. Kwa nini? Kwa sababu ukurasa wa tisa kuna mtoto anakimbizwa na bata mzinga, na mtoto huyo ni mimi.

Mke wangu nilimwonyesha wiki ya pili ya ndoa. Kosa langu la kwanza.

"Huyu njo weye?" akauliza, yaani ndiye wewe.

"Njo mimi."

"Uso iko wapi?"

"Iko mbele."

"Mbele wapi?"

"Kule anakimbilia. Huku tunaona nyuma."

Ni kweli, mtoto anaonekana kwa nyuma. Kinachoonekana ni masikio mawili makubwa, miguu, na kaptula yenye kiraka kwenye tako la kushoto. Mke wangu alikiangalia kiraka, akaniangalia mimi, akakiangalia tena.

"Papa," akasema, "siku weye utakuwa ule mutoto, mimi njo nitakuwa ile dindon."

Dindon ndiye yule bata mzinga. Kuna mambo ambayo mwanaume mwenye akili hayathibitishi.

Kwa miaka kumi na minane mzaha huo ulikaa nyumbani kama mtu wa familia. Nikivaa suruali mpya: "Ebu geuka, tuone kama njo weye." Wageni wakisifu picha ya komunyo: "Ya bwana wangu iko mu kitabu, lakini hapendi kugeuka." Nilicheka na wengine. Lakini siku nyingine, nikiwa peke yangu na nguo ya mtu kwenye cherehani, nilikuwa ninaangalia kalenda na kujiuliza kama kweli nilipata kuwa mtoto, au nilizaliwa hivi hivi, na utepe wa kupimia shingoni.

Basi mteja mmoja, aliyekuja kupunguza suruali, akaniambia kwamba Kamembe kutakuwa na siku ya wapenzi wa bede, kwenye ukumbi. Wachoraji watakuja, wengine kutoka Bukavu, watatia sahihi vitabu vyao, na kutakuwa na meza ya kuthibitisha sahihi ili kesho mtu asikudanganye. Akataja wachoraji. Sindano ikanichoma kidole. Kijana wa bomba la maji alikuwa mmoja wao.

Jumamosi nilipanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Kamembe. Mke wangu alisimama mlangoni kuniangalia kama mtu anayeona kaburi linatembea.

"Ukifika, umuulize kama anakumbuka pia uso," akasema.

Ukumbi ulijaa vijana waliovaa kama mashujaa wao. Mimi niliona mishono tu. Mmoja alikuwa na joho la kurukia angani, na pindo lake limefumuka kwa nyuma. Huyo hata Nyakarenzo hapo jirani asingefika. Nilijizuia. Ndipo nilipogundua kwamba watu wananiangalia mimi pia, kwa sababu utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni mwangu. Msichana mmoja akaniuliza mimi nimevaa kama nani.

"Kama fundi," nikamwambia.

"Umeweza kweli," akasema.

Kwenye mstari wa mchoraji wangu, nyuma yangu alisimama bwana wa rika langu, mwenye tumbo na viatu vizuri. Mkononi alikuwa na bede ile ile. Moyo wangu ulifurahi, mpaka nilipoona kidole chake kimeingia katikati ya kurasa kama alama. Nilijua ni ukurasa gani kabla hajafungua.

"Unaona huyu mutoto?" akaniambia kwa fahari. "Njo mimi."

"Hapana," nikasema. "Njo mimi."

Tuliangaliana. Yeye alikulia avenyu ya pili kutoka kwetu, na yeye pia alitumwa maji, na yeye pia alikimbizwa na bata mzinga, ambaye tulikubaliana alikuwa wa mzee mmoja mwenye roho mbaya kuliko bata mwenyewe. Hapo nikafanya kosa langu la pili. Nikavua utepe shingoni nikasema tupime masikio. Yangu sentimita sita na nusu. Yake saba.

"Ah," akasema kwa upole, "pengine weye ulikuwa mutoto wa page kumi."

Ukurasa wa kumi kuna mbuzi.

Zamu yangu ikafika. Kijana wa bomba alikuwa mzee sasa, mwenye miwani na sweta lililopotewa na kifungo kimoja. Niliweka kitabu mezani, nikafungua ukurasa wa tisa, na maneno niliyoyapanga tangu Gitambi yakakimbia kama yule mtoto.

"Mzee, huyu..." nikasema.

"Njo weye," akamalizia.

"Njo mimi!"

"Na huyu wa nyuma yako?"

"Na mimi," akasema bwana wa masikio.

"Muko babili. Asubuhi balikuja batatu." Akavua miwani, akaifuta kwa sweta. "Mama yako alitiaka kiraka ya nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilishangaa jibu lilivyokuwa karibu. "Ya pazia," nikasema. "Pazia ya chumba cha wageni. Maua ya njano. Baba aliuliza mbona dirisha limepungua, mama akasema panya."

Mzee akacheka mpaka meza ikatikisika. Akafungua kopo la kalamu za rangi, akachagua ya njano, na polepole, kwenye kitabu kile cha nyeusi na nyeupe, akapaka kiraka. Akaandika chini: *Kwa mwenye kaptula*, akatia sahihi.

"Lakini Mzee," nikasema, "kwa kweli, ule mutoto alikuwa nani?"

"Mimi nilichoraka kaptula tu," akasema. "Miguu mulileta benyewe."

Kisha akamgeukia yule bwana: "Na ya kwako?"

"Ya mufuko wa unga. Iko na maandishi ya bulu."

Akachukua kalamu ya bluu.

Meza ya uthibitisho ilikuwa pale pembeni. Msichana mwenye kadi kifuani iliyoandikwa SHAHIDI alikuwa anarudi, sambusa mkononi. Kazi yake ilikuwa kuona sahihi ikitiwa, kisha kubandika karatasi ndogo inayong'aa ndani ya kitabu. Nilimpa changu.

"Papa, hii sikuiona," akasema.

"Lakini wino bado mbichi!"

"Wino ninaiona. Mukono njo sikuona."

Nilimwomba mzee arudie. Akakataa: akitia mara mbili, ya kwanza itaonekana ya uongo. Wakati tunabishana, shahidi alikuwa anamtazama mzee akimtilia sahihi bwana wa masikio, macho yote mawili. Kitabu cha bwana yule kikapata karatasi inayong'aa. Sentimita saba na karatasi juu yake. Akanipa mkono, akaniambia pole ndugu yangu, na ninaamini alimaanisha.

Nyumbani mke wangu alikisoma kitabu mara mbili. Nikadhani nimeshinda.

"Sinyature bila kashe?" akasema. "Hii hata weye unaweza kuandika na biki yako."

Alikuwa na haki. Huku kwetu karatasi isiyo na mhuri ni ya kufungia ndizi. Ila keshokutwa yake alikuwa anakwenda ofisi ya sekta kuthibitisha nakala ya ripoti ya shule ya binti yetu, akasema, na sauti ilikuwa ya mzaha mtupu, "Kuya na ile mutoto yako. Tumutafutie kashe."

Nilikwenda. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu msumari ule nilikuwa nimeuangalia tangu asubuhi.

Noteri alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Kazi yake ni kuweka karatasi ya asili na nakala pamoja, kuona kama zinafanana, na kupiga mhuri. Alipogundua kwamba Kinyarwanda changu nacho kina viraka, akahamia Kiswahili. Ripoti ya binti: inafanana, mhuri. Kisha akafungua bede, akaweka pembeni yake nakala niliyotoa kwenye mashine ya duka. Akamwinamia bata mzinga.

"Hii ni dokima ya nani?"

"Yangu," nikasema.

"Huyu mutoto njo weye?"

Mstari nyuma yetu ulikuwa mrefu, na wote walikuwa wamenyoosha shingo ili kusikia. Nilifikiria masikio ya saba, watatu wa asubuhi, na mbuzi wa ukurasa wa kumi. Nilifungua kinywa niseme ni kitabu tu, tusamehe, tunakwenda.

"Njo yeye," akasema mke wangu.

Noteri akainua kichwa. "Mama, uso haionekane."

"Uso ya nini?" Kiswahili chake alijifunza akiuza nyanya kwa wamama wa Bukavu, na kwenye ubishi hakijawahi kushindwa. "Miaka kumi na munane ninaona ule mugongo. Nikimutuma soko, njo vile anaendaka. Angalia bega ya kushoto, iko chini. Angalia ile mukono, anaushika sawa vile muntu anabeba yai. Nani mwingine anakimbiaka hivi? Papa, geuka!"

"Maman batoto..."

"Geuka, bakuone!"

Niligeuka.

"Kimbia kidogo."

Nilipiga hatua tatu kuelekea mlangoni, na naapa sikujua kwamba mkono wangu unakaa hivyo. Mama mmoja kwenye mstari akapiga makofi. "Ni yeye!" akasema. "Hata mimi ninamuona!"

Ofisi nzima ikacheka, na noteri naye akacheka, lakini hakusahau kazi. "Kwenye asili kiraka iko njano," akasema. "Kwenye nakala iko kijivu. Haifanani."

Mke wangu akachukua kalamu ya njano ya kupigia mistari iliyokuwa mezani kwa noteri, bila kuomba, na akapaka kiraka cha nakala. Alipaka taratibu, asivuke mstari, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Nilimwona nikakumbuka uso ule wa komunyo.

"Sasa?"

"Sasa inafanana," akasema noteri. "Lakini mama, kashe ya sekta haipigwake yulu ya dindon."

Tukatoka na ripoti yenye mhuri na bata asiye na mhuri. Njiani nilisubiri tupite nyumba ya mwisho.

"Kwa hiyo unakubali," nikasema.

"Nakubali nini? Batu balikuwa banangoja. Nilitaka kumaliza."

Alitembea mbele yangu kwenye kijia, haraka, ripoti juu ya kichwa kwa ajili ya jua.

Siku hizi kalenda iko jikoni. Kwenye msumari wangu kuna nakala yenye kiraka cha njano, ndani ya fremu aliyoinunua yeye mwenyewe na hajaniambia wapi. Wageni wakiingia, wanaangalia kwanza komunyo, kisha wanasogea upande wa pili, wanainamisha kichwa, na kuuliza ni kina nani hawa wanaokimbizana.

Mimi ninaendelea kushona. Mke wangu ndiye anayejibu. Anainua kidole, anakiweka juu ya bata mzinga, na kusema:

"Huyu njo mimi."