Mbuzi wa Mama na Figo ya Mdogo Wangu

Karatasi ya majibu ya damu naisoma kuanzia chini. Huko ndiko wanakoandika kreatinini, na tangu figo zianze kuniangusha sina haja na mengine. Kreatinini ni taka ya misuli, figo ndizo zinazoitoa. Ikipanda kwenye damu, ujue figo zimezidiwa. Yangu ilipanda kila nilipopima. Daktari alishaniambia wazi: nipate figo ya ndugu, la sivyo nianze kusafishwa damu kwa mashine. Ndugu ninaye mmoja tu.

Siku ile, hospitalini Mbeya, karatasi haikuwa yangu. Ilikuwa ya mdogo wangu, aliyekuja na mama kutoka Kalenga, nyanya kaziacha shambani na mkewe ana mimba. Kundi lake la damu lilikuwa limekubaliana na langu. Macho yangu yakashuka chini. Namba yake ilikuwa juu ya mpaka.

"Kwa majibu haya siwezi kumruhusu atoe figo," daktari akasema. "Tafuteni ndugu mwingine."

Nilimtazama mdogo wangu kabla hajajua namtazama. Mabega yalimshuka, akashusha pumzi ndefu. Alikuwa amefurahi. Nilimchukia, nasema kweli, halafu nikamkumbuka mkewe, nikaona aibu.

Nje, kwenye benchi, mama akafungua hotpoti. Nyama ya mbuzi, imejaa hadi kwenye kifuniko.

"Kula, mwanangu," akamwambia mdogo wangu, kisha akanigeukia. "Wiki nzima namlisha huyu nyama, figo ipate nguvu. Hata leo alfajiri kanywa supu. Sasa hiyo figo inataka nini tena?"

Hapo nikakumbuka yangu. Krismasi iliyopita nilikula nyama kwelikweli, kesho yake nikapima, namba ikaruka, nusura nizimie. Nesi ndiye aliyenituliza: nyama iliyopikwa inaweza kuipandisha kreatinini kwa muda, hata kwa mtu mwenye figo nzima. Niliiacha, nikapima tena, namba ikarudi ilipokuwa.

Pale kwenye benchi ni mimi tu niliyelijua hilo. Nikirudi kwa daktari, mdogo wangu atapimwa upya mbele ya mama, na mbele ya mama hawezi kukataa kitu. Nikinyamaza, mashine inanisubiri.

"Na wewe huli?" mama akauliza.

"Nimekatazwa, mama."

"Hao madaktari wako wanakataza kila kitu!"

Niliwasindikiza mpaka stendi. Mama alipopanda kutafuta siti, nikamvuta mdogo wangu pembeni ya basi.

"Inawezekana ni nyama tu," nikamwambia. "Ukiiacha siku kadhaa ukapima tena, namba inaweza kushuka."

Aligeuka kuangalia dirisha la basi. "Mama anajua?"

"Hajui. Wala simwambii."

"Sasa mimi unaniambia ya nini, dada?" Sauti yake ilikuwa kali.

"Ili ukikataa, ukatae mwenyewe. Nisikataliwe na mbuzi."

Hakucheka. Alipanda basi bila kuniaga.

Siku zilizofuata, dukani kwangu Mwanjelwa, nilikata vitenge vibaya na kugombana na wateja wasio na kosa. Simu ikiita naidaka mbio, kumbe ni mtu anauliza mzigo unafika lini. Nilijiapiza sitampigia mdogo wangu. Nilimtukana kimoyomoyo, nikamwombea, nikamtukana tena.

Alipopiga, nilikuwa napima kitambaa na mteja kasimama mbele yangu.

"Dada, mama kaninunia. Anasema nakula mchicha kama sungura."

Nikaweka kitambaa mezani.

"Jumatatu nakuja kupima. Nimeshaongea na mke wangu."

Mteja alikuwa ananiuliza bei, nami machozi yananidondoka juu ya kitenge chake. Nilitaka kusema asante. Kilichotoka kikawa kingine.

"Na supu je?"

"Hata supu," akasema. "Supu nayo nimeacha, dada."