Bao Halina Mjomba

Mjukuu wangu ananieleza kuwa siku hizi kuna akili mnemba itakayowasaidia mahakimu kumjua mhalifu, na kupanga nani apewe kiwanja na nani anyimwe. Haipendelei mtu, anasema. Nilimwambia anyamaze kidogo, maana hasira ya utotoni ilinirudia.

Miaka ya hamsini tuliishi kijiji kimoja upande wa Mwera. Baba alitoka bara kuja kukata mkonge, akafa, akaniacha na mama aliyeuza vitumbua. Siku moja taa ya karabai ya msikiti ikapotea. Jumbe, mkuu wa kijiji, hakuuliza nani kaona nini. Alimwita mpiga ramli, naye akatandaza mchanga wa bao lake uwanjani, na jumbe akamtajia majina ya kupigiwa bao: mama, na watu wengine watatu waliokuja kwa kazi ya mkonge. Mwenyeji hakutajwa hata mmoja. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile wenyeji walipona kweli.

Bao likamwangukia mama.

"Shikamoo, jumbe," alisema. "N'nani aloniona?"

"Marahaba. Hapana alokuona. Bao ndilo lilokuona."

"Mbona wa nyumbani kwako hawakupigiwa?"

"Bao halina mjomba wala shangazi, mama."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Niliwachukia wote, na waliokufa nawachukia bado. Tangu kesho yake vitumbua vilirudi nyumbani vimepoa, na kisimani wanawake walisogeza ndoo zao mama akifika.

Mwishowe mama alinishika mkono tukaenda Pangani kwa liwali, mkubwa wa serikali, kukata rufaa. Liwali alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho. Akasema serikali haiitambui ramli, kwa hiyo mama hakuhukumiwa na mtu, na pasipo hukumu hapana rufaa.

"Nenda zako nyumbani, mama. Huna kosa."

"Njoo uwaambie wao."

"Niwaambie nimefuta nini? Hakuna kesi."

Hatukukaa tena kijijini. Tulihamia mjini, Mabawa, kwenye chumba cha kupanga. Lakini siku ile, tukitoka kwa liwali, mimi nilikuwa nimefurahi. Nilimwambia mama kwamba mkubwa mwenyewe amesema hana kosa.

"Heri angenifunga," mama akasema. "Kifungo kina siku ya kutoka."