Nguzo ya Bwawa la Mama

Watu humwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kazi aliyokuwa akiifanya kabla hajawa nguzo. Ndiyo, nguzo. Mtu mzima mwenye mvi zake kichwani, kila asubuhi hukaa kwenye kigoda kando ya bwawa la plastiki, nyuma ya nyumba ya mama yake, kamba imemzunguka kiunoni. Ncha ya pili ya kamba iko kiunoni mwa mama, majini. Mama anaogelea. Anapiga mikono, anapiga miguu, maji yanaruka hadi ukutani, wala hafiki popote, maana kamba inamzuia. Na Sindano naye hafiki popote.

Mambo yalianza na goti. Mama aliteleza bafuni, akalala kitandani hadi miguu ikaanza kukauka. Daktari akasema dawa yake ni kuogelea, kwa sababu maji humbeba mtu mzima na viungo hupata kazi bila kuumia. Mama alijua kuogelea tangu usichana. Ndipo mwanawe wa kiume, ambaye ukoo mzima humwita Injinia hata wakimwomba apitishe chumvi, akaja na boksi kubwa kuliko kitanda. Akaunganisha vyuma, akatandaza plastiki, akajaza maji kwa mpira. Kisha akagundua jambo ambalo hata mtoto angemwambia mapema: mama akipiga mikono mara mbili, kichwa kimegonga upande wa pili.

"Msijali," akasema, simu mkononi. "Wenzetu hufunga kamba kwenye nguzo. Mtu anaogelea palepale."

Nguzo iko wapi? Ukuta wa uani ulikuwa ukimwaga mchanga kila ukiguswa. Chuma cha kuanikia nguo kilikuwa kimeshainama kwa uzito wa mashuka tu. Injinia akatazama huku na huku, macho yakatua kwa dada yake, Sindano.

"Dada, kaa hapo kwa leo tu. Kesho namleta fundi achimbie chuma."

Kesho hiyo inasubiriwa mpaka leo.

Sindano hakusoma. Wakati wa shule ulipofika, ilisemwa nyumba haiwezi kupeleka wawili, na kwenye wawili akichaguliwa mmoja, hachaguliwi wa kike. Akajifunza cherehani kwa jirani. Miaka ikapita, akapata nafasi kwa mwanamke mmoja mshona sare za shule aitwaye Fundi, mwenye sauti kubwa kuliko duka lake. Siku mama alipoanguka, Injinia alipiga simu akasema neno ambalo halijamtoka Sindano moyoni: "Wewe ndiye usiye na ofisi."

Lakini aliahidi. "Mama akitembea bila kushikwa, siku hiyohiyo unarudi kwenye cherehani yako. Mimi nitatafuta mtu wa kukaa naye."

Basi Sindano akajitia nguzo kwa moyo wote. Alimshonea mama vazi la kuogelea, jepesi, la mikono mifupi, lisiloshika maji. Alikaa juani, alikaa kwenye baridi. Na kiuno chake kikaanza kumpa habari. Mwanzoni mama alivuta kama mtoto anayeomba peremende. Baadaye alivuta kama mbuzi aliyeona majani. Sasa ilimbidi Sindano achimbie tofali mbele ya kigoda na kulikanyaga kwa miguu yote miwili, la sivyo angetumbukia na kigoda chake.

Ila mama akitoka majini! "Aii, goti langu! Nishike, mwanangu, nishike nisife."

Sindano alishangaa, lakini aliendelea kumshika, mpaka siku aliyotoka dukani na mkate akachungulia dirisha la jikoni. Mama alikuwa juu ya kiti, amesimama kwa mguu mmoja, huo wa goti bovu, akichomoa kopo la sukari lililofichwa juu ya kabati. Sindano akarudi nyuma, akakohoa kwa nguvu mlangoni. Alipoingia, mama alikuwa kitandani, kakumbatia goti.

Wiki hiyohiyo Fundi alipiga simu. "Shoga, shule zinafunguliwa, sare zimenifika shingoni, na cherehani yako nimeifunika shuka kama maiti. Jumatatu usipotokea, nampa mtu."

Jumapili Injinia akaja kumkagua mama. Mama akachechemea kutoka chumbani hadi uani, akipumzika njiani mara mbili.

"Kaka," akasema Sindano, "leo kaa wewe kwenye kigoda. Usikie mwenyewe anavyovuta."

Injinia akacheka, akaweka simu yake dirishani, akajifunga. Mama akaingia majini akaelea kama jani. Kamba ikalegea.

"Mama, vuta!"

"Navuta, baba. Ndizo nguvu nilizo nazo."

"Unaona?" Injinia akamgeukia dada yake kwa huruma ya mtu ambaye hatalala pale. "Bado kabisa. Tutaangalia tena mwakani."

Sindano akaingia ndani. Alikwenda chumbani akarudi na mfuko: mkasi, futi, nguo mbili. Akashika njia ya getini.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini. Nguzo si mmeshapata?"

Mama alipoona mgongo wa binti yake, alisahau kuwa mgonjwa. Alijirusha kuelekea upande wa geti kwa nguvu zake zote, na Injinia, ambaye hakuambiwa habari ya tofali, akang'oka kwenye kigoda akatumbukia na viatu vyake. Mama akajifungua kamba, akapanda ngazi, akakatiza uani mbio, maji yakimchuruzika, akamkamata Sindano mkono getini.

Injinia akaibuka, tai imemlalia begani. "Mama! Unakimbia?"

Mama akalikumbuka goti, akataka kulikunja, lakini mchezo ulikuwa umekwisha.

"Umeona kwa macho yako," akasema Sindano. "Ulisema akitembea bila kushikwa."

"Nimeona! Dada, wewe ni dawa!" Uso wa Injinia uling'aa kwelikweli. "Sasa ukiondoka wewe, mama tumwachie nani? Akija mwingine, si kazi yote itaharibika?"

"Ulisema."

"Nilisema kabla sijajua una mkono mzuri namna hii."

Sindano akamgeukia mama. "Nawe, miezi yote hii ulikuwa unanichechemea?"

"Nifanye nini?" Mama hakuinamisha macho. "Huyu kaka yako huja kama mvua ya kiangazi. Nikipona, wewe unaondoka. Nikae na kuta hizi, niziamkie asubuhi? Afadhali goti."

Maneno yale yalikuwa ya kweli, na ukweli wa mtu mwingine ndio uliokuwa ukila maisha ya Sindano. Mama alikuwa ametota, ameanza kutetemeka, midomo imebadilika rangi. Mtu mzima haachwi hivyo. Sindano akauweka mfuko chini, akaingia ndani kuchukua taulo.

Hapo ndipo alipojimaliza. Alipotoka na taulo, Injinia alikuwa dirishani anaongea na mkewe kwenye simu, suruali ikidondosha maji.

"Usiwe na wasiwasi, mke wangu. Tumeelewana. Dada amekubali kubaki."

"Nani amekubali?" akauliza Sindano.

Injinia akamwinulia kidole, yaani asubiri kidogo, akaendelea kuongea.

Jumatatu simu ilimkuta kwenye kigoda.

"Unakuja au huji?" Fundi akapaza sauti, nyuma yake cherehani zikinguruma.

"Mpe huyo mtu."

"Wewe Sindano! Kweli?"

"Mpe. Mwambie pedali yake ni ngumu asubuhi. Aikanyage polepole mpaka ilainike."

Alipokata simu, mama alitokea mlangoni na taulo begani. Alikuja wima, hatua moja baada ya nyingine, bila fimbo wala kushika ukuta. Hapakuwa tena na wa kumwigizia. Akapanda ngazi ya bwawa, akaingia majini, akajifunga kamba kiunoni, akamrushia binti yake ncha ya pili.

"Jifunge vizuri, mwanangu," akasema. "Leo nataka kuvuta kisawasawa."