Matairi ya Kiangazi na Usukani wa Mama Kulwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Foromani wa karakana, mtu mnene aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, alinionyesha tairi la lori lililolazwa kando ya ukuta, akaniambia nikae juu yake. Nikakaa. Ilikuwa Shinyanga mjini, kwenye karakana ya malori ya kubeba pamba, na kiangazi kilikuwa kimekolea hata hewa juu ya mabati ikawa inacheza. Nilikaa pale mpaka mchana nikidhani nimesahauliwa. Aliporudi akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia joto tu. Akacheka sana, kisha akasema nimeanza vizuri, maana wengi aliowakalisha pale waliinuka hawajasikia kitu.

Nyinyi mnaonunua matairi kwa kutazama yanavyong'aa dukani mtaniona mzee wa porojo. Haya, nioneni hivyo. Mimi nimeishi na matairi kuliko nilivyoishi na ndugu zangu, na mpaka leo nikifumba macho mchana nayasikia yakipita, moja baada ya jingine, kila moja na sauti yake. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa. Mimi naona ni pensheni ambayo hakuna ofisi iliyonilipa.

Tairi lina sehemu ambazo kila mtu anaziona. Panapogusa ardhi pana kashata, yale matuta ya mpira yanayoshika njia, na kati ya kashata kuna mifereji ya kupitisha maji na vumbi. Pembeni kuna ubavu, ambapo huandikwa ukubwa wa tairi, mzigo linaoweza kubeba na mwendo linaoweza kuvumilia. Lakini ndani ya mpira kuna nyuzi, nyingine za waya, na hizo huzioni. Joto likizidi, nyuzi ndizo zinazokufa kwanza, huku nje tairi likiendelea kuonekana zima.

Huku kwetu mwaka mmoja unataka matairi ya aina mbili. Masika, udongo mweusi wa mbugani unashika gari kama ugali mbichi, na hapo unahitaji kashata ndefu zilizoachana, zinazochimba na kujitema tope zenyewe. Kiangazi kikija, kashata hizo hizo zinakuwa adui. Kwenye lami ya moto zinayumba, zinasuguana, zinaunguruma, na kila kuyumba kunazaa joto. Tairi la kiangazi lina kashata fupi zilizokaribiana, mifereji iliyonyooka, ubavu imara na mpira usiolegea juani. Foromani alinifundisha kubonyeza mpira kwa ukucha, kwanza kivulini, halafu juani, na kulinganisha. Ukucha ukizama juani kama kwenye sabuni iliyolowa, alisema, lirudishe kwa mwenye duka na umsalimie.

Kutoka Shinyanga nilihamishiwa Kahama, kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo ya wafanyabiashara. Nilipanga chumba Nyasubi, karibu na barabara, na jioni nilikaa mlangoni nikisikiliza magari yanayoelekea machimboni. Niliweza kusema lipi limechoka upepo na lipi limefungwa matairi mawili yasiyolingana. Meneja wa Usafirishaji wa hapo alikuwa mpole, ila alipenda kashata kubwa mwaka mzima kwa sababu gari linaonekana dume. Nilimwambia gari si jogoo. Hakukasirika, na matairi hayakubadilika. Nilikaa miaka mingi kwake nikiziba pancha na kuota mchana, mpaka nikasikia kuna nafasi Geita.

Geita nilikuwa msimamizi wa matairi kwenye shirika lililopeleka manesi na masanduku ya chanjo vijijini, kuanzia Buseresere upande wa Chato hadi Mhunze kule Kishapu. Njia hiyo ndefu ya Mhunze alipewa Mama Kulwa, mwanamke pekee kati ya madereva wetu. Alikuwa mjane mwenye mapacha, mwembamba, msema kidogo, na gari lake lilikuwa safi kuliko sebule za watu. Hakuna dereva aliyekuwa radhi kumfundisha alipoanza kuomba kazi, isipokuwa Dereva Mkuu, Mzee Masanja. Yeye alimkalisha kwenye usukani, akamfundisha gia, breki na adabu za barabarani, na alipofaulu akamsemea kwa wakubwa. Mama Kulwa alimwita baba, na hakuwa anatania.

Kiangazi kimoja gari la Mama Kulwa lilipasuka tairi likiwa na manesi. Baada ya muda mfupi likapasuka tena, na safari hii lilitoka barabarani, likasimama kwenye majani makavu. Hakuumia mtu, lakini chanjo ziliharibika na nesi mmoja akakataa kupanda tena gari lake. Madereva wengine wakaanza maneno kwamba mwanamke hawezi njia ndefu. Afisa Usafirishaji, bosi wetu, hakuwa mtu wa maneno ya vijiweni. Aliniita ofisini na Mama Kulwa akiwepo, akaniambia nilinganishe seti mbili za matairi kwenye gari lile lile na njia ile ile, kisha nichague moja. Halafu akamgeukia Mama Kulwa.

"Mama, nakuheshimu," alisema. "Lakini tukifunga matairi mazuri na bado yakapasuka, nitakutoa kwenye usukani. Utafanya kazi stoo."

Mama Kulwa alisema amesikia. Nje ya ofisi alisimama kidogo akilitazama gari, akafuta vumbi kwenye kioo ambalo halikuwepo. Nilimwonea uchungu. Kwa mtu aliyepigania usukani namna ile, stoo ni kama kuambiwa ukae kitako mpaka uzeeke.

Seti ya kwanza ilikuwa ya kashata ndefu, ile tuliyoizoea. Tuliondoka Geita asubuhi, mimi nimekaa kando yake na geji ya kupimia upepo mapajani. Upepo wa tairi hupimwa likiwa limepoa, kabla ya safari, kwa sababu likishapata moto upepo hupanda wenyewe na kukudanganya. Niliyapima yote manne, yalikuwa sawa. Tukapita Kakola, tukaacha mashimo ya wachimbaji na maturubai yao nyuma, na mbele barabara ikaanza kung'aa. Mnayajua mazigazi? Yale maji yanayolala barabarani mbele yako na kukimbia kila unapoyafikia. Tuliyafuata saa nzima, matairi yakiimba chini yetu, na mimi nilijihisi kama mtu anayesafiri ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Kahama tulisimama kwenye mwarobaini ambapo madereva wetu walizoea kula. Mama Kulwa hakwenda kula. Alizunguka gari, akachuchumaa kwenye kila tairi, akabonyeza valvu kwa ncha ya ufunguo, na upepo ukatoka ukipiga mluzi. Nilimuuliza anafanya nini.

"Nayapumzisha," alinijibu. "Yana moto, Baba Kabula. Usipoyapunguzia pumzi yatapasuka."

Akanieleza kwamba ndivyo Mzee Masanja alivyowafundisha madereva wote: kiangazi, ukifika Kahama, pumzisha matairi. Niliinama nikapima, nikajua sababu ya kupasuka. Maana tairi lililopungua upepo linakunjika zaidi kila linapozunguka, ubavu unafanya kazi ya kujikunja na kujikunjua, na joto badala ya kushuka linapanda. Alikuwa akiyaua kwa mkono wake, kwa upole, kivulini. Wenzake walikuwa wamefundishwa vivyo hivyo, ila wao wakifika Kahama walikimbilia nyama choma. Yeye mtiifu ndiye aliyepasukiwa.

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye ngazi ya gari. Nilitegemea atafurahi, kwa kuwa sasa sababu imejulikana na si uendeshaji wake. Badala yake aliniomba nisiseme.

"Andika kwamba matairi ndiyo mabaya," alisema. "Mimi nitaacha kuyapumzisha, basi. Lakini usimwambie Afisa kwamba mzee alikosea. Yule ndiye aliyenipa usukani. Nikimwaibisha, nitauendesha kwa uso gani?"

Tulijaza upepo Nyasubi, tukaenda Mhunze na kurudi bila jambo. Sikulala vizuri. Ningeweza kuandika alivyotaka, na seti mpya ingepata sifa isiyo yake. Lakini madereva vijana wangeendelea kufundishwa kupumzisha matairi, na siku moja kungekuwa na mtiifu mwingine, na majani yasingekuwepo ya kumpokea. Tena Mama Kulwa angebaki na jina la dereva aliyepasua matairi. Nilimwambia nitakwenda kwa mzee mwenyewe kabla ya kwenda kwa Afisa. Alinyamaza, na kunyamaza kwake nilikuchukua kuwa ruhusa.

Mzee Masanja nilimkuta nyumbani kwake anakunywa uji. Nilimwamkia, nikakaa, tukaongea kwanza habari za mifugo na mvua kama inavyostahili. Sikumwambia amekosea. Nilimwomba aje kwenye safari ya kujaribu seti ya pili, ile ya kashata fupi, kwa kuwa macho yangu yamechoka na nataka mkono wa mtu mzima. Hilo la macho lilikuwa kweli nusu. Alikubali, akavaa koti.

Siku hiyo tulipofika Kahama, Mama Kulwa hakushuka. Nilimwomba Mzee Masanja alipumzishe tairi la nyuma la kushoto kama alivyozoea, la kulia tuliache na upepo wake. Akatoa upepo kwa ustadi, sikio limeinamishwa, kama mtu anayemsikiliza mtoto akipumua. Tukaendelea taratibu kuelekea Shinyanga, jua likiwa juu ya vichwa vyetu na tambarare imelala pande zote, ng'ombe wachache wamesimama mbali kana kwamba wamechorwa. Tulipokwenda mwendo wa kutosha nilimwambia Mama Kulwa asimame.

Mzee Masanja akashuka. Akaweka kiganja kwenye ubavu wa tairi la kulia, akakiacha hapo. Lilikuwa la vuguvugu. Akazunguka nyuma ya gari, akaweka kiganja kwenye lile la kushoto, akakitoa haraka. Akakirudisha, akakitoa tena. Halafu akasimama akiutazama mkono wake. Niliwasha pampu ndogo nikalirudishia tairi upepo wake, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine.

Hatimaye akaanza kuongea, akiitazama barabara. Alisema alipokuwa kijana hapakuwa na lami hapa. Palikuwa na mchanga tu, na ukifika penye mchanga mzito ulitoa upepo kidogo ili tairi litandazike lisizame, ukivuka ulijaza tena kwa pampu ya mkono. Kahama ndipo mchanga ulipokuwa mbaya zaidi. Lami ilipokuja, mchanga ukaondoka, pampu za mkono zikaondoka, na mkono wake ukabaki na kazi yake. Ile sababu ya joto aliibuni baadaye.

Kisha akaenda dirishani kwa Mama Kulwa.

"Mwanangu," alisema, "hili nilikufundisha vibaya. Mengine yote nilikufundisha vizuri."

Mama Kulwa alilia bila sauti, mikono yote miwili kwenye usukani. Na mimi nililia kidogo, ingawa kulikuwa na vumbi la kusingizia.

Kwa Afisa Usafirishaji alikwenda Mzee Masanja mwenyewe, peke yake, na sijui aliyasema vipi. Ninachojua ni kwamba Afisa alitoka naye nje amemshika mkono, akawaita madereva wote uwanjani, na mzee akawafundisha upya, huku Mama Kulwa amesimama mbele kabisa. Seti ya kashata fupi ndiyo niliyoichagua kwa kiangazi, na ile ya kashata ndefu tukaihifadhi kivulini, imesimamishwa wima, tukingoja masika. Nesi aliyekataa akapanda tena. Matairi ya Mama Kulwa hayakupasuka tena kwa muda wote niliokuwa kazini, na mzee alipostaafu, yeye ndiye aliyechukua cheo cha Dereva Mkuu.

Watu huniuliza tairi gani ni zuri. Huwajibu kwa swali: utapita wapi, mwezi gani, na mzigo gani? Tairi zuri pekee halipo. Lipo linalofaa njia uliyonayo leo, si njia uliyoikuta ulipokuwa kijana. Na ukishalichagua vizuri bado litategemea mkono wa anayeliendesha, ambao hakuna duka linalouuza.

Siku yangu ya kustaafu walinipa shuka, redio na gari la kunirudisha nyumbani Mhunze, nilikokuwa nimejenga. Mama Kulwa alikataa dereva mwingine anipeleke. Asubuhi nilitoa geji mfukoni niinamie matairi kama kawaida, akaniambia, "Baba Kabula, ingia ukae. Leo wewe ni abiria." Nikaingia. Maisha yangu yote sikuwahi kusinzia ndani ya gari, kwa sababu sikio langu lilikuwa chini, barabarani, likisubiri kibaya. Siku ile, kabla hata hatujafika Kakola, nililala. Nilipofumbua macho niliona mlango wa nyumba yangu. Injini ilikuwa imezimwa zamani, mwili wa gari umeshapoa, na Mama Kulwa alikuwa amekaa kwenye usukani kimya, akingoja niamke.