Mwanamke Aliyeipa Kamera Mgongo

Mapazia yamefungwa. Nje theluji inaanguka polepole kama haina safari, na ndani Dk. Asteria Kokushubira anamtazama mwanamke ambaye hajawahi kukutana naye. Mwanamke huyo yumo ndani ya filamu kuukuu isiyo na sauti. Ameipa kamera mgongo, na mabega yake yanatikisika. Asteria anairudisha picha nyuma, anaitazama tena.

Hiyo ndiyo kazi yake, msomaji, wala usicheke. Stockholm wapo wanaoendesha treni na wapo wanaofagia ofisi. Mzaliwa huyu wa Bukoba analipwa na chuo kikuu kuchunguza jinsi filamu zilivyowaonyesha watu wa visiwa vya Karibi, hasa wenyeji wa asili, waliokuwako kabla ya meli za Ulaya. Mumewe, Vedasto, dereva wa basi, humtania kwamba mtaa wao mzima wa Hallonbergen ni yeye tu anayekula mshahara kwa kuangalia sinema.

"Basi na aje azione," anasema Asteria. "Kila ukifungua filamu, mwenyeji ama ni mla watu, ama amekufa, ama analia."

Alikuja Sweden kusomea ukutubi. Akiwa bado mwanafunzi, aliitwa kuigiza mkimbizi katika tamthilia ya televisheni, wakamwambia avue viatu. "Bukoba nilikuwa navaa viatu," anasema, "nikaja kuvivua Ulaya." Anatabasamu, lakini jambo hilo bado linamchoma.

Mwanamke wa kwenye filamu ni Mkalinago, mmoja wa wenyeji hao wa asili, wa kisiwa cha Dominica. Ameamriwa amwombolezee mwigizaji aliyelazwa mchangani kama maiti. Kuhusu machozi hayo Asteria aliandika sura nzima, na ndiyo roho ya kitabu chake. Mkataba wake chuoni unaisha majira ya joto, na bila kitabu hana tumaini la kuongezewa. Hata hivyo, alijiapiza kwamba hatachapisha picha hizo bila ruhusa ya ukoo.

Akatafuta huku na kule, miezi na miezi, hadi akampata mjukuu wa yule mwanamke, Bi Ernestine, mama wa makamo anayesuka vikapu. Juzijuzi wakaonana kwa simu ya video. Asteria akamwonyesha kipande chenyewe.

Bi Ernestine akakitazama. Mara akageuka, akaipa simu mgongo, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Masikini Asteria, akaanza kumpa pole. Kumbe mwenzake alipogeuka tena alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akaeleza kwamba ukoo wao wote ndivyo walivyo: kicheko kikiwabana, lazima wageuke. Na bibi yake angeachaje kucheka, akauliza, wakati maiti yule anajikuna mguu?

Asteria akairudisha picha nyuma. Kweli, maiti anajikuna.

"Nilihisi nimemwagiwa maji ya baridi," anasimulia. "Mimi niliyeudhika kuvuliwa viatu, nimemliza mwanamke wa watu miaka yote hii, tena mbele ya wanafunzi."

Ruhusa aliipata, kwa sharti moja. "Mtumie," Bi Ernestine alimwambia, "ila usimlize tena."

Sura ile ameifuta yote. Mchapishaji amenuna, na kuhusu mkataba hakuna ajuaye. Asteria ameanza kuiandika upya, taratibu, na akiizungumzia huwa kama mtu aliye nusu ndotoni, anatabasamia dirisha. Amekwisha kumwambia Vedasto kwamba likizo ijayo hawaendi Bukoba. Anataka kwenda Dominica na filamu yake mkobani, atundike shuka jeupe, ukoo mzima ukae kwenye mabenchi umwone bibi yao.

Mwenyewe, anasema, atakaa nyuma kabisa.

"Wakigeuka kucheka," anasema, "nizione nyuso zao."