Damu ya Ndugu Wawili

Admin, jina langu lifiche kabisa, Kisumu ni ndogo. Mimi ni mama wa miaka sitini na sita, nesi mstaafu, naishi Migosi. Hii maneno imenikalia kifuani tangu miaka ya tisini.

Nilikuwa nafanya kazi kasualti, kule kwa wagonjwa wa dharura, hospitali sitaitaja. Mchana mmoja wakaleta mwanaume wa Nyamasaria, amekauka, damu imemwishia mwilini. Ndugu yake mdogo akakunja shati: "Sista, toa yangu." Tulikuwa tumeletewa vile vipimo vya haraka vya ukimwi, vya kupima damu kabla mgonjwa hajaongezewa. Nikapima wote wawili, hata ruhusa sikuomba. Ndivyo tulivyofanya siku hizo. Mgonjwa alikuwa nayo. Mdogo wake alikuwa mzima kabisa.

Mgonjwa akafa kabla ya kuwekewa damu. Yule mdogo akanifuata kwa korido, akanishika mkono. "Sista, wewe ni mtu wa kwetu, niambie ukweli. Wazee wanasema ni chira, ile laana, ati alivunja mwiko, na nisipomrithi shemeji haraka tutaisha wote. Ndugu yangu ameuliwa na nini?"

Jamani! Nilijua. Na huyo mjane nilijua pengine anayo. Lakini tulikatazwa kutoa majibu ya mtu, na pia, wacha niseme tu, niliogopa hao wazee. Nikamwambia, "Ni malaria, ndugu yangu. Ilipanda kichwani." Akanishukuru, akaniombea baraka.

Akamrithi yule mjane. Miaka mitatu baadaye akaletwa kwa machela, na zamu ni yangu. Mifupa tu. Akaniangalia sana, akasema polepole, "Sista, na mimi ni malaria?" Nilijifungia choo cha wafanyakazi nikalia mpaka wakanigongea. Alikufa wiki hiyo, na mke wake wa kwanza, aliyemzalia binti, akamfuata. Mpaka leo nikisikia mtu akiita "sista", nageuka kuangalia kama ni yeye.

Binti yao alilelewa na nyanya yake. Sasa tunasali naye kanisa moja huku Mamboleo, na huambia watu mimi ndiye nesi aliyemshika baba yake mkono akifa. Jumapili ameniomba nisimame kama mama yake harusini, maana nyanya naye alishafariki, hana mwingine.

Harusi ni mwezi ujao. Nimwambie nimpoteze, ama ninyamaze tena? Nisaidieni kwa mawazo, ndugu zangu. Lakini tafadhali, msiniambie eti nilifuata sheria. Hiyo nimejiambia miaka yote na haijanisaidia.