Mwalimu Aliyeketi Kitini

Miaka ya sabini ilipoanza, mwenye nyumba wangu pale Moseley, nchi ya Waingereza, alikuwa mama wa Kihindi, mjane aliyetoka Kisumu. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, amri tupu. Lete. Weka. Ngoja. Mimi nilikuwa nasomea unesi, na mdomo wangu ulikuwa karibu uniponze. Sista wa wodi alishaniambia nikimjibu mtu vibaya mara nyingine, narudi Kenya bila cheti. Kanisa zima la kwetu lilikuwa limenisindikiza kwa maombi. Ningerudi na uso gani?

Yule mama nilikuwa nikimwona asubuhi ametulia kama maji mtungini, basi nikamwomba anifundishe hiyo yoga yake. Nilidhani ni kujikunja tu. Kumbe! Wiki ikaisha hatujanyoosha hata kidole. Yeye aliketi kitini kwa sababu ya magoti, mimi chini kwenye zulia, Biblia yangu pembeni nisije nikaabudu miungu ya watu bila kujua. Alinieleza kwamba mambo ya mwili huja baadaye, msingi wa kwanza ni kutodhuru.

"Wacha umiza mtu," alisema. "Na mkono, na mdomo, na roho."

Wa pili ni kusema kweli, lakini kweli isiyouvunja ule wa kwanza. Kisha kutoiba, kutotamani, kuridhika. Hapo ndipo akili, ambayo kazi yake ni kurukaruka, hutulia, mtu akajiona alivyo. Niliyapenda mafundisho hayo, haki ya Mungu. Ila kila somo lilianza vilevile: wewe keti chini, funga macho, nyamaza, vuta pumzi. Damu ilinichemka. Shangazi yangu alikuwa yaya katika nyumba ya Wahindi kulekule Kisumu, na ndivyo alivyoambiwa miaka yote, mwenye nyumba kitini, yeye sakafuni.

Asubuhi moja nikashindwa. Nilisema polepole, maana kidogo nilikuwa nimejifunza.

"Mama, huko kutodhuru kwako hakujafika kwenye Kiswahili chako."

Aliinuka akaenda jikoni. Nikaenda kazini nikijua nimejifukuzia mwalimu, na roho iliniuma, kwani nilimpenda yule mama. Siku hiyohiyo mgonjwa mmoja akasema hataki mikono yangu myeusi imguse. Nilivuta pumzi kama nilivyofundishwa, nikamwambia kwa upole kwamba mikono niliyo nayo ni hii tu, na chai yake inapoa. Akainywa. Sista alikuwa karibu, akasikia yote, akapita zake.

Kesho yake nilishuka ngazi nikisitasita hata kupiga hodi. Mlango ulikuwa wazi. Kiti kilikuwa kimesukumwa ukutani, na mama yuko sakafuni, magoti yake mabovu ameyanyoosha mbele, uso umekunjamana kwa maumivu.

"Leo wewe sema," akaniambia. "Mimi nafuata."

Niliketi kando yake. Nikatafuta neno la kuanzia, na amri haikunijia hata moja.

"Tupumue, Mama," nikasema.